Misumari Minne ya Kisima cha Mama Mumba

Mvua zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza pale binti mmoja wa ofisi ya usafi alipofika getini kwetu, akiwa na jile mpya ya kung'aa, ile fulana ya kazi isiyo na mikono, na simu kubwa ya kuandikia. Alibisha hodi na kusalimia vizuri, kwa hilo nampa alama. Kisha akamwambia mke wangu, Odette, aache maji ya visima, aende kuchota kwenye bomba jipya kando ya barabara. Odette akamwuliza swali moja tu: "Mulitia bluu?" Binti hakuelewa. Akarudia maelezo yake kwa upole, akapewa swali lile lile, na mwishowe akagusa simu yake na kuandika kwamba mama wa nyumba hii ni mkaidi.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilicheka mpaka nikakohoa. Odette, mkaidi! Ninyi vijana mnaoingia kazi hii leo, jueni kwamba katika mtaa wetu wote hapa Likasi, mke wangu ndiye mtu pekee aliyewahi kuitii ofisi ya usafi bila kudanganya hata siku moja. Utii huo ulikaribia kumwua, na aliyempa amri ni mimi. Sasa nimestaafu, kofia yangu ya kazi inaning'inia kwenye msumari ukutani, na ninao muda wa kuwaeleza jinsi mambo yalivyokwenda kabla hamjamwandika mtu mwingine.

Kazi ya usafi wa mtaa niliianza nikiwa na nywele nikaimaliza nikiwa na kofia. Watoto waliniita Papa Javeli, kwa sababu ya harufu ya javeli, ile dawa ya kuulia vijidudu, niliyokuwa nikitembea nayo. Na watu wazima walijifunza haraka jinsi ya kuitumia harufu hiyo kunidanganya. Mimi nikianza nyumba ya kwanza ya barabara, habari ilishafika nyumba ya mwisho, na kila mama alikuwa amepaka matone ya javeli kwenye mlango wa choo. Nikifika, napokewa na harufu safi ya hospitali, naandika "safi", naendelea. Nilifanya hivyo miezi mingapi, sitaki kukumbuka. Aliyenifumbua macho ni mkuu wangu wa kwanza, Chef Musonda, mzee mfupi aliyetembea akiwa amefunga mikono mgongoni. Alisoma daftari langu, akaniuliza: "Chola, mulango njo inaendaka ku kabine?" Nikasema hapana, Chef, mlango hauendi chooni. "Basi juu ya nini weye unanusa mulango? Fungua, angalia ndani."

Chef Musonda alikuwa na mafundisho mawili ambayo hayamo katika karatasi zenu za semina. La kwanza: ukiingia katika lupango ya mtu, yaani kiwanja chake, kabla hujafungua daftari omba maji ya kunywa. Kama unaogopa kuyanywa, waambie kwa nini unaogopa, na hapo somo lako limekwisha kuanza. La pili lilikuwa bluu. Ile bluu ya kufulia nguo nyeupe, inayouzwa sokoni katika vipakiti. Chef hakuachana nayo, mifuko yote ya suruali yake ilikuwa na madoa. Bomba letu, alisema, maji yakikatika linabaki tupu, na bomba tupu lenye ufa linafyonza chochote kilicho karibu nalo. Kwa hiyo jioni, maji yakiwa yamekatika, koroga bluu na uimwage kwenye mifereji na madimbwi bomba linapopita. Asubuhi maji yakirudi, tazama ndoo ya kwanza. Yakitoka meupe, waite watu. Yakitoka na rangi, umeokoa mtaa kwa kipakiti kimoja. "Usitume muntu ku mayi yenye haukutia bluu," alikuwa akiniambia. Nilitikisa kichwa kila mara, kama mtu anayejua.

Basi, kulikuwa na Mama Mumba.

Mama Mumba alikuwa mjane, nyumba ya nne kutoka kwetu, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyofika kwa mtu kabla yake. Marehemu mume wake, aliyefanya kazi kiwandani, alichimba kisima kwa mikono yake mwenyewe siku za mapumziko, akakijenga matofali mpaka chini na kukiinua ukingo hadi kiunoni ili maji ya mvua yasiingie. Kwa maji ya kisima hicho Mama Mumba alipika munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, na wachimbaji waliokuwa wakienda Kamatanda walisimamisha baiskeli zao kwake kila asubuhi. Kisima kilikuwa kazi yake, kumbukumbu ya mume wake, na pia hoja yake. Maana Mama Mumba alikuwa na hoja, na alimpa bure kila mteja wa munkoyo: kwamba Leta, ndivyo tunavyoiita serikali huku kwetu, ina haki ya kumwambia mtu jambo, lakini haina haki ya kumlazimisha ndani ya lupango yake.

Hoja hiyo niliijua tangu zamani. Chanjo zilipokuja mtaani kwetu, wenzangu, waliochoshwa na hoja yake, walitaka kuiruka nyumba yake. Yeye alimkalisha muuguzi kwenye kiti, akamwuliza maswali ambayo muuguzi alimaliza kuyajibu akiwa anatoa jasho, kisha akanyoosha mkono mwenyewe na kuchanjwa wa kwanza barabara nzima. "Nilichagua," aliwaambia majirani. "Bengine balichaguliwa." Niliona anajitafutia sifa. Nilikuwa kijana wa cheo, na kijana wa cheo hapendi kuulizwa.

Mwaka kipindupindu kilipoingia mjini, Chef Musonda alikuwa ameshastaafu. Mkuu mpya alileta karatasi: visima vyote vya mitaa vifungwe, watu wapelekwe kwenye bomba la mtaa, ripoti ifike ofisini kabla ya Ijumaa. Nawaambia ukweli, vijana, karatasi ile nilifurahi kuipokea. Nilipewa nyundo, misumari, mbao na kopo la chokaa la kuandikia. Nilihisi nimekuwa mkubwa wa jeshi. Visima vya kwanza nilivifunga huku wenyewe wakinishikia mbao.

Kwa Mama Mumba nilimkuta amesimama mbele ya kisima, mikono kiunoni.

"Unafunga kisima yangu juu ya nini?" aliuliza.

"Juu ya kolera, Mama."

"Kolera iko mu kisima yangu?"

"Iko mu muji."

"Basi enda ufunge muji."

Wateja wa munkoyo wakacheka. Masikio yakaniwaka moto. Nikamwonyesha karatasi na kumwambia hiyo ndiyo amri.

"Ile amri iko na macho?" akasema. "Ilikuya hapa kuangalia mu kisima? Papa Chola, minye siko nabisha kolera. Kolera niliiona, iliuaka dada yangu. Niko nabisha weye. Uniambie, nitasikia. Unionyeshe, nitaamini. Lakini kunifunga mu lupango yangu bila kunionyesha kitu, ile hapana. Kama mayi yangu inauaka muntu, mulete huyo muntu, na minye mwenyewe nitaenda ku Buluo na miguu yangu."

Buluo ndiko liliko gereza kubwa, msidhani alikuwa anataja mahali pa kupumzikia.

Nikamjibu kwa sauti ya ofisi kwamba ugonjwa haubishi hodi, haujui ukuta wa lupango, na mtu mmoja akijifanya mjanja anawazika wengine. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na hata leo ni ya kweli. Ila nilikuwa nayasema ili kushinda mbele ya wateja. Yeye akasogea pembeni. "Piga," akasema. "Leta iko na nguvu. Sikusema haiko na nguvu."

Nikapiga misumari minne, mmoja kila pembe, nikaandika kwa chokaa kwamba kisima kimefungwa. Nikawaambia watu wote waende bombani. Bluu sikutia. Ijumaa ilikuwa karibu, ripoti ilikuwa inangojewa, na bomba lilikuwa la Leta. Nani angetilia shaka bomba la Leta?

Kila asubuhi nikienda kazini nilipitia pale. Niligusa msumari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Yote imekaza. Nikaandika katika daftari kwamba kisima kimefungwa na wananchi wametii. Mama Mumba alinisalimia kwa heshima ambayo ingepaswa kunitia wasiwasi. Munkoyo ilikuwa inachemka kama kawaida, nikadhani anachota mbali. Wanawake wa mtaa nao walinisifu kazi yangu: "Papa Javeli, unatumika muzuri!" Nikavimba.

Nyumbani, Odette alikuwa akiamka na ndoo yake na kushuka mpaka bombani, njia ndefu, akapanga foleni na watu wa barabara ya chini. Hakulalamika. Siku moja nilimwuliza mbona harudi pamoja na majirani zake. Akasema majirani wana mwendo wao.

Ilikuwa Jumapili, saa ya kujiandaa kwenda ibadani, aliposhikwa. Alianza kuharisha na kutapika, na kabla ya adhuhuri kilichokuwa kinamtoka kilikuwa kama maji ya kuoshea mchele, macho yamezama, ngozi ya mkono ukiibana inabaki imesimama. Nilikuwa nimefundisha dalili hizo mbele ya makanisa mangapi! Nikaziona kwa mke wangu, nikasahau hata kikombe chetu kiko wapi. Teksi-basi iliyopita ilituona, ikaongeza mwendo. Aliyetusaidia ni Dezire, jirani yetu mchomelea vyuma, aliyekuja na baiskeli yake. Tulimkalisha Odette kwenye kiti cha nyuma, mimi nimemshika mgongoni, Dezire anasukuma usukani, na kwa njia yote nilikuwa nazungumza na Mungu kwa sauti ya juu bila aibu.

Kituoni walitukanyagisha kwenye beseni la javeli, wakamlaza, wakamtundikia serumu, yale maji ya kuingia mshipani. Serumu ile ilikuwa ya Leta, na muuguzi alikuwa wa Leta, na bila hao leo nisingekuwa na mtu wa kunicheka nyumbani. Andikeni hilo pia, msije mkanisoma nusu. Muuguzi akamwuliza Odette: "Mama, munakunywaka mayi ya wapi?"

Odette akafungua macho. "Ya bomba," akasema. "Bwana yangu alisema."

Vijana, katika maisha yangu nimetukanwa na watu wenye kipaji cha kutukana. Hakuna tusi lililowahi kunifika pale maneno hayo matano yaliponifika.

Nilitoka nje nikaketi kwenye benchi karibu na Dezire. Nikamwambia sielewi: mtaa wote wanakunywa bomba lile lile, mbona mke wangu peke yake? Dezire akaanza kuvitazama viatu vyake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anaviona.

"Papa Chola," akasema mwishowe, "siye tunakunywaka kisima."

"Kisima kimefungwa."

"Kimefungwa juu. Ku mbavu kiko wazi."

Jioni ile nilikwenda kuangalia. Misumari yangu minne ilikuwa imekaa vizuri kabisa, vizuri kuliko siku niliyoipiga. Lakini upande wa nyuma, chini ya mbao, matofali manne ya ukingo yalikuwa yametolewa kwa ustadi, na ndoo ilikuwa inaingia na kutoka kwa raha. Asubuhi kabla sijapita, matofali yalirudishwa mahali pake. Mtaa mzima ulijua, wazee kwa watoto. Mimi nilikuwa nakagua misumari.

Na Odette alijua vilevile. Aliniambia baadaye, alipoanza kupata sauti: "Bote balikuwa banakucheka. Kama minye naye nachota pale, nitakuwa nakucheka pamoja nabo." Kwa hiyo alibeba ndoo yake hadi bombani, peke yake, kwa ajili ya heshima ya kofia yangu. Mnajua ile methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika mtaa wetu aliyesikia la mkuu ndiye aliyevunjika, na wakaidi wote walikuwa wazima wanakunywa munkoyo. Nililia, na sioni haya kuwaambia.

Kesho yake jioni, maji yalipokatika, nilinunua bluu. Niliimwaga kwenye mfereji mchafu uliopita kando ya bomba lile, mfereji uliopokea maji ya vyoo vya barabara ya juu, na ambao nilikuwa nimeuruka mara mia nikienda kuhimiza watu wachote. Asubuhi maji yaliporudi niliweka ndoo. Yalitoka na bluu, kama shati jeupe la mwanafunzi lililofuliwa vibaya.

Nikalifunga bomba kwa waya. Nikakimbia barabara ya chini nyumba kwa nyumba kuwaambia. Fundi viatu mmoja wa kule, mzee aliyekuwa akinishonea viatu vya kazi, alikuwa ameshapelekwa kituoni, na hakurudi. Hapo sina mzaha wa kutia. Nilimzika nikiwa nimevaa viatu alivyonishonea. Ofisini nilipotoa habari, mkuu mpya aliuliza kwanza nani alinipa ruhusa ya kutumia bluu.

Nikachukua nyundo, nikaenda kwa Mama Mumba kung'oa misumari. Nikasukuma lango kama nilivyozoea. Akanisimamisha kwa kiganja.

"Uko na karatasi?"

"Mama, nakuja kufungua."

"Kufunga ulikuya na karatasi. Kufungua nako kulete karatasi." Aliniacha nisimame pale mbele ya wateja mpaka jasho likanitoka, kisha akashusha sauti. "Unakuya sawa Leta ao unakuya sawa jirani?"

Nikasema kama jirani.

"Jirani anabishaka hodi."

Nikatoka nje, nikavua kofia na kuitia mfukoni, nikabisha. Akanifungulia, akanipa kiti, akaniuliza hali ya Odette kabla ya jambo lingine lolote. Mtungi wa maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari ulikuwa tayari umefunikwa kitambaa cheupe, ameshamwandalia. Ndipo akaniruhusu kushika nyundo.

Msidhani kisima kilifunguliwa hivi hivi. Mama Mumba alisimama mbele ya mtaa na kutangaza sheria. Hakuna ndoo ya mtu itakayoingia kisimani, ni ndoo yake tu, yenye kamba yake. Kabla ya kugusa kamba, sabuni, mpaka kwenye viwiko. Nyumba yenye mgonjwa isitume mtu ndani, isimame langoni, yeye mwenyewe atawamiminia. Kila pipa litatiwa javeli, na anayepima javeli ni Papa Chola, lakini mbele ya macho yake. Pasta mmoja aliyepitisha mkono kwenye maji haraka haraka alirudishwa nyuma ya foleni, na waumini wake wakashuhudia.

"Mama," nilimwambia, "weye njo ulisema haupende amri. Sasa uko na amri kupita ofisi yetu."

"Ni amri ya kisima yangu," akasema. "Mwenye hataki, aende fasi ingine. Ya kwenu, muntu angeenda wapi?"

Nikafungua chupa ya javeli, nikapima mbele ya macho yake.

Odette aliporudi nyumbani, dhaifu, shingo imekonda, Mama Mumba alileta uji na kuketi kitandani kwake kana kwamba nyumba ni yake. Nikamchokoza kwamba serumu iliyomponya jirani yake ilitoka kwa Leta ile ile asiyoipenda. Alikubali mara moja, bila hata kukunja uso. "Leta ikikuya na serumu, mulango yangu iko wazi," akasema. "Ikikuya na nyundo, ibishe kwanza, iniambie juu ya nini."

Sasa msidhani mama huyu alishinda moja kwa moja. Aliye juu mngoje chini, nami nilingoja. Mvua za mwaka uliofuata, asubuhi mapema, nilisikia sauti yake getini kabla sijamwona. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sherehe.

"Papa Chola, vaa kofia! Leta iko wapi? Leta inalala?"

Nikamkaribisha, nikampa kiti taratibu, nikamwuliza kuna nini. Dezire, yule yule mchomelea vyuma aliyesukuma baiskeli, alikuwa amechimba choo kipya. Amekichimba ndani ya kiwanja chake kabisa, hatua sita kutoka kisima cha Mama Mumba, upande wa juu. Alipomwambia ahamishe, Dezire alimjibu kwa maneno yake mwenyewe, aliyoyasikia miaka yote akinywa munkoyo: lupango ni yangu.

Vijana, kuna furaha ambazo mtu hatakiwi kuwa nazo. Nilikunja mguu, nikasema kwa upole kabisa: "Lakini Mama, ni kweli. Lupango ni yake."

"Lupango ni yake!" akapaza sauti. "Lakini mavi yake inatembea!"

Odette jikoni aliangusha sufuria kwa kicheko. Mimi nimesoma karatasi zote za ofisi, za rangi zote, na sijaona mahali ambapo kazi yetu imeelezwa vizuri kuliko hapo. Mama Mumba mwenyewe alisikia alichokisema. Akanyoosha kitenge magotini, akacheka pia, kidogo, upande mmoja wa mdomo.

Tulikwenda pamoja. Sikuvaa kofia. Nilibisha hodi kwa Dezire, nikaomba maji ya kunywa, nikanywa. Sikumwambia ahame. Nilimwuliza kama ana uhakika kwamba shimo lake halifiki kisimani, akasema uhakika anao, mia kwa mia. Nikamwuliza kama ataturuhusu kutia bluu. Kwa kuwa alikuwa na uhakika, aliruhusu, hata akatusaidia kukoroga. Shimo lilikuwa bado jipya, halijatumika. Tukamimina mapipa ya maji ya bluu, na kisima kikapumzishwa. Mvua zikafanya kazi yake. Siku ya nne tulimwita Dezire ashike kamba mwenyewe. Aliivuta ndoo, akaiweka ukingoni, akainama. Rangi ilikuwa hafifu, lakini ilikuwapo. Alitazama maji, akamtazama Mama Mumba, akayakumbuka, nadhani, maji aliyoyanywa kwake miaka yote. Mchana ule ule alianza kuchimba upande wa chini, na shimo la juu akalifukia na kupanda mihogo.

Katika daftari sikuandika kitu. Hakukuwa na amri, hakukuwa na karatasi. Tulipokuwa tunarudi, nilijisifu kidogo kwamba tumemaliza jambo bila Leta.

"Bila Leta?" Mama Mumba akasema. "Niliona kofia mu mufuko yako."

Ni kweli, ilikuwa mfukoni. Kama Dezire angekataa hata baada ya kuiona bluu, ningeivaa.

"Uliiona tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Njo maana nilikuita weye, sikuita pasta."

Mama Mumba amezikwa karibu na mume wake. Kisima kipo, mpwa wake anakitunza, na sabuni ingali pale kwenye kibati. Mimi na yeye hatukukubaliana mpaka mwisho. Mimi bado naamini kuna siku nyundo inahitajika, na yeye hakuacha kuniuliza nani atakuwa macho ya nyundo hiyo.

Sasa narudi kwa binti wa simu kubwa. Alipokwisha kumwandika Odette mkaidi, nilicheka nyuma ya pazia, nimewaambia. Lakini kicheko kilinikauka nilipoutazama mkono wa mke wangu. Ulikuwa umelikamata lango kama ulivyokikamata kiti cha baiskeli siku ile, baada ya miaka yote hii.

"Mutoto yangu," Odette alimwambia binti, "minye nilisikiaka Leta. Mu mutaa yote, nilikuwa paka minye, minye peke yangu. Siko nakatala bomba yako. Enda utie bluu kwanza, kisha urudi. Utanikuta hapa na ndoo."

Akamweleza ile bluu ya Chef Musonda inavyomwagwa, binti akaondoka, nasi tukadhani yameishia hapo. Siku mbili zikapita. Kila asubuhi Odette aliweka ndoo tupu karibu na lango.

Siku ya tatu tulisikia hodi. Alikuwa binti yule yule, bila simu mkononi safari hii. Hakuanza na hotuba. Alinyoosha mikono yake miwili mbele ya Odette, akaigeuza hivi na hivi, na vidole vyote kumi vilikuwa vya bluu mpaka kwenye kucha.

"Mayi ilitoka safi, Mama," akasema. "Nilitia mara mbili."

Mke wangu aliishika ile mikono, akaikagua kucha kwa kucha. Kisha akachukua ndoo yake, akafungua lango, akamfuata.